Nyumba ya Zamani Yenye Wenyewe Wengi: Somo la Kutengeneza kwa Amani



Mtu anayetembea Bukavu, kutoka Nyawera kuelekea Muhumba au Nguba, anapita mbele ya nyumba zilizojengwa kabla ya nchi kupata uhuru mwaka 1960. Wakati wa Wabelgiji mji huu uliitwa Costermansville. Nyumba nyingi za wakati ule zina kona za mviringo, madirisha ya duara kama ya meli, na baraza zinazotazama Ziwa Kivu. Wageni wanazipiga picha. Wataalamu wa ujenzi wanasema ni urithi unaopaswa kulindwa.

Lakini sisi wenyeji tunajua kwamba nyumba hizo zina historia nzito. Zilijengwa kwa nguvu za Wakongomani ambao hawakuruhusiwa kulala ndani yake isipokuwa kama watumishi. Baada ya uhuru ziligeuka mikono. Mwaka 1973 serikali ya Zaire ilichukua mali nyingi za wageni na kuwapa wananchi. Vita vya 1996 na 1998 vilifukuza wengine na kuleta wengine. Mwaka 2004 mji ulitekwa kwa siku kadhaa na nyumba nyingi zikaporwa. Mnamo Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Bukavu, familia nyingi zilivuka mto Rusizi kuingia Burundi. Wengine walibaki, na wengine walikuja mjini kutafuta usalama.

Kwa hiyo nyumba moja ya zamani inaweza kuwa na watu wengi wanaosema, "Hii ni yetu." Yupo aliye na karatasi. Yupo anayelala ndani. Yupo aliyezaliwa pale. Yupo jirani wa chini ambaye maji ya paa lile yanamwagikia uani kwake. Siku mtu mmoja anapopanda juu na nyundo kurekebisha paa, wote hao wanainua macho na kuuliza: "Nani amemruhusu?"

Somo la toleo hili ni fupi: kabla ya kutengeneza ukuta, tengenezeni makubaliano, na kila mwenye haki katika nyumba apewe kazi inayojulikana. Tutajifunza kwanza kutoka nyumba moja mashuhuri ya Uganda, kisha tutarudi Bukavu.

Nyumba iliyoungua Kasubi

Kwenye kilima cha Kasubi, mjini Kampala, ipo nyumba kubwa ya duara inayoitwa Muzibu Azaala Mpanga. Kabaka Muteesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu yake. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na nyumba ya kuishi ikawa nyumba ya makaburi. Leo makabaka wanne wamelala pale.

Wasomaji wetu mliokimbia makwenu mtaelewa jambo hili: wawili kati ya hao wanne walifia ugenini. Kabaka Mwanga wa Pili alifia visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, alikopelekwa na Waingereza. Mwili wake ulirudishwa mwaka 1910. Kabaka Edward Muteesa wa Pili alikimbia baada ya ikulu yake ya Mengo kushambuliwa na jeshi mwaka 1966, akafia London mwaka 1969, naye akarudishwa mwaka 1971. Kwa Waganda, basi, nyumba ya Kasubi ni mahali ambapo aliyefukuzwa anarudi nyumbani.

Mwaka 2001 UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuanzia hapo nyumba hiyo ilikuwa na ulinzi wa mila, wa nchi na wa dunia.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliungua. Paa la nyasi likaanguka lote.

Moto ule ulikuta mioyo imekwisha kuwaka. Miezi sita kabla yake, Septemba 2009, kulikuwa na ghasia kati ya wafuasi wa Kabaka na serikali, na zaidi ya watu 20 waliuawa. Kwa hiyo asubuhi baada ya moto kila mtu alikuwa na mtu wa kumshuku. Rais Museveni alipofika pale tarehe 17 Machi, umati ulijaribu kumzuia asiingie. Askari walifyatua risasi na watu wakafa. Nyumba ya kumbukumbu ilikaribia kuwa chanzo cha vita vingine.

Mwezi Julai 2010 UNESCO iliiweka Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilitoka katika orodha hiyo Septemba 2023. Ni miaka 13. Wengine walilalamika kwamba kazi ni ya polepole mno. Lakini tutazame namna ilivyofanywa.

Mambo manne ya kujifunza Kasubi

*Kwanza, kila ukoo una kazi yake.* Ndani ya paa la Muzibu Azaala Mpanga kuna pete 52 za matete yaliyofungwa, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Mtu akisimama ndani na kutazama juu, anaona watu wake wote wamezunguka pamoja. Kuezeka kwa nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani mbega. Kupamba ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Vitambaa vya magome ya mti wa mutuba vya nyumba ya kifalme vinatengenezwa na mafundi wa ukoo wa Ngonge, yaani fisi-maji. Hakuna ukoo mmoja unaoweza kuijenga nyumba hiyo peke yake. Hata tajiri hawezi kuajiri kampuni imalize kazi yote kwa mwezi mmoja. Ni lazima watu waitane, wasubiriane na wasikilizane.

*Pili, mchango mdogo unampa mtu sauti.* Mwaka 2013 Katikkiro wa Buganda, yaani waziri mkuu wa ufalme, Charles Peter Mayiga, alianzisha mchango ulioitwa Ettoffaali, neno linalotoka kwa "tofali". Alizunguka vijijini, na watu wakatoa kila mmoja alichoweza, kama mtu anayenunua tofali moja. Serikali ya Uganda, UNESCO na Japani pia walisaidia. Mwenye kutoa tofali moja anaweza kusema, "Na mimi nimejenga." Hatapenda kuona nyumba ile ikiharibiwa tena.

*Tatu, kipya kinaweza kuitumikia ya zamani.* Mwaka 1938, katika utawala wa Kabaka Daudi Chwa wa Pili, vyuma na nguzo za zege viliwekwa ndani ili nyumba isianguke. Baada ya moto wa 2010, vifaa vya kuzuia na kuzima moto viliongezwa. Mila haikufa kwa sababu ya nguzo ya zege au bomba la maji. Kulinda nyumba ya zamani si kukataa kila kitu kipya. Ni kujua kipi kibaki kama kilivyokuwa na kipi kiongezwe kwa ajili ya usalama.

*Nne, ujuzi nao ni sehemu ya nyumba.* Kuezeka paa kama lile hakufundishwi na kitabu. Kijana hukaa karibu na mzee na kutazama mikono yake. Wazee wakifa bila kufundisha, nyasi zitakuwepo lakini nyumba haitakuwepo. Kwa hiyo kila ukarabati ni shule.

Turudi Bukavu: familia tatu na paa moja

Nyumba zetu za Bukavu hazina Kabaka wala koo 52. Lakini zina watu. Tuchukue mfano. Familia hizi tumezibuni kwa ajili ya somo, ila wengi wenu mmeona mambo yanayofanana nayo.

Nyumba ya mwaka 1950 hivi iko kwenye mteremko juu ya ziwa. Ina matofali ya kuchomwa, msingi wa mawe, na baraza ya mviringo. Mwenye karatasi ni mama mjane ambaye yuko Bujumbura tangu mwaka 2025. Ndani wanalala baba na mama na watoto sita waliotoka Bunyakiri. Waliingia kwa ruhusa ya mdomo ya shemeji wa mjane. Jirani wa chini ni mzee mstaafu.

Mvua za Septemba zinapoanza, paa linavuja. Baba wa Bunyakiri ana mikono ya kazi na anapata mabati kutoka shirika moja la msaada. Anataka kuanza Jumatatu.

Sasa sikilizeni woga wa kila mmoja.

Mjane anasikia habari kwa simu. Anajisemea, "Akiweka mabati yake, kesho atasema nyumba ni yake."

Baba wa Bunyakiri anawaza, "Nikimaliza kuitengeneza vizuri, watanifukuza wampangishe mwenye pesa."

Mzee wa chini anasema, "Wakibadilisha paa bila mfereji, maji yote yatabeba ukuta wangu."

Na kijana mmoja wa kartie, anayependa historia ya mji, anasikitika: "Wataivunja ile baraza waweke vyumba vya kupangisha."

Woga wote nne una sababu. Hakuna adui hapa. Lakini baba akipanda juu Jumatatu bila neno, Jumanne patakuwa na maadui wanne.

Mama wa familia ile ya Bunyakiri anamwambia mume wake, "Baba watoto, paa limesubiri mvua tatu. Lisubiri siku saba tena. Tumpigie simu mama mwenye nyumba kwanza."

Simu inapigwa. "Mama, shikamoo. Sisi ndio tunaolala kwako. Hatutaki kuchukua nyumba yako. Tunataka isianguke ukiwa mbali."

Maneno haya ni mepesi, lakini ndiyo msingi wa kazi yote. Anayekaa ndani ametaja nyumba kuwa ya mwenyewe. Mwenyewe amesikia kwamba aliye ndani ni mlinzi. Kuanzia hapo wanaweza kuongea juu ya mabati.

Sheria inasema nini?

Viongozi wa wakimbizi na wa kartie wajue angalau mambo matatu.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni ya taifa, na mtu anapata haki ya kuitumia. Haki hiyo inathibitishwa kwa hati inayoitwa *certificat d'enregistrement*. Kutengeneza paa hakumpi mtu hati hiyo. Vilevile kukimbia vita si kuuza. Mjane wetu hakuacha haki yake kwa kuvuka mpaka.

Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni inahusu majengo yenye thamani ya kihistoria. Jengo lililoorodheshwa halibomolewi wala kubadilishwa bila ruhusa ya mamlaka inayohusika. Basi ulizeni kwanza: je, nyumba hii imeorodheshwa? Hata kama haimo katika orodha, mnaweza kukubaliana wenyewe kuitunza.

Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulitoa kanuni zinazoitwa Kanuni za Pinheiro, juu ya nyumba na mali za wakimbizi na waliohama. Zinasema aliyekimbia ana haki ya kurudishiwa nyumba yake. Zinasema pia kwamba aliyeingia katika nyumba hiyo asitupwe nje ovyo bila sheria wala heshima, na serikali ijitahidi kumtafutia mahali pengine. Mwaka 2006 nchi za Maziwa Makuu, Kongo ikiwemo, zilikubaliana itifaki juu ya haki za mali za watu wanaorudi makwao.

Mnaona kwamba kanuni hizi zinawaangalia wote wawili, mjane na baba wa Bunyakiri. Nasi tufanye hivyo.

Lakini katika vita ofisi hufungwa na wenye mamlaka hubadilika. Kwa sababu hiyo karatasi yenu ya makubaliano, yenye mashahidi wa pande zote, ni ya thamani sana. Haichukui nafasi ya hati ya serikali. Inazuia uongo usiingie wakati mnasubiri.

Hatua saba za kufuata

1. Hesabuni watu kabla ya kuhesabu mabati. Andikeni nani ana hati, nani anakaa ndani, nani ni mrithi, nani ni jirani wa juu na wa chini, nani anakumbuka historia ya nyumba. Wanawake na vijana wasisahauliwe. Mara nyingi mama ndiye anayejua mahali maji yanapoingia.

2. Kaeni pamoja. Aliye mbali asikilizwe kwa simu, watu wote wakisikia. Mzee au kiongozi anayeaminiwa na pande zote aongoze. Kila mmoja aseme woga wake bila kukatwa neno.

3. Pigeni picha na kuandika hali ya nyumba. Picha ya kila ukuta, kila dirisha, kila ufa, pamoja na tarehe. Kila upande upate nakala. Hapo hakuna atakayesema kesho, "Mlango wangu wa mninga uko wapi?"

4. Andikeni makubaliano. Karatasi moja inatosha. Iseme:

- nyumba ni ya nani;
- nani anatoa vifaa na nani anatoa kazi;
- anayekaa ndani atakaa kwa muda gani, na atapewa taarifa ya miezi mingapi kabla ya kutoka;
- gharama yake italipwa vipi: kwa pesa, au kwa kukaa bila kodi kwa miezi kadhaa;
- sehemu gani za nyumba hazitaguswa, kwa mfano baraza, ngazi, madirisha ya duara;
- mgogoro ukitokea, mtamwendea nani kwanza.

Isomwe kwa sauti katika lugha ambayo wote wanaielewa, kisha itiwe sahihi au kidole.

5. Mpeni kila mmoja kazi. Hapa Kasubi inatufundisha. Mjane achague rangi na atunze hati. Baba wa Bunyakiri aongoze mafundi. Mzee wa chini asimamie mfereji wa maji, kwa sababu yeye ndiye anayejua mafuriko yanapita wapi. Kijana wa kartie aandike historia ya nyumba na kutunza picha. Vijana wawili wasio na kazi wajifunze kando ya fundi mzee. Mtu mwenye kazi katika nyumba hatapanda uvumi dhidi yake.

6. Anzeni na maji na usalama. Tutaeleza hapa chini.

7. Malizeni kwa kukutana tena. Kazi ikiisha, someni makubaliano upya, pigeni picha mpya, kuleni pamoja. Baada ya mwaka mmoja kutaneni tena kuona kama neno limetunzwa.

Ushauri wa fundi kwa nyumba za zamani

*Maji ndiyo adui wa kwanza.* Kabla ya rangi na sakafu, rekebisheni paa, mifereji ya paa, na mtaro wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Bukavu ni mji wa miteremko, na mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei hivi. Maji yanayomwagwa ovyo kutoka parseli ya juu yanaweza kuangusha nyumba ya chini. Msikate miti inayoshika udongo.

*Chunguzeni nyufa.* Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliharibu nyumba nyingi za Bukavu na ng'ambo ya Rusizi. Baadhi ya nyufa ni za zamani na zimetulia, nyingine zinaendelea kufunguka. Bandikeni kipande chembamba cha plasta juu ya ufa na kuandika tarehe. Kikipasuka baada ya wiki chache, ukuta bado unatembea. Mwiteni fundi anayejua kabla ya kuendelea.

*Msiondoe ukuta kwa sababu mnataka sebule kubwa.* Katika nyumba za wakati ule kuta za ndani mara nyingi zinabeba paa au ghorofa. Wala msiongeze ghorofa juu ya msingi ambao haukuwekwa kwa mzigo huo.

*Angalieni simenti.* Kama matofali ya zamani yalijengwa kwa chokaa, plasta ngumu ya simenti inafungia unyevu ndani ya ukuta. Baada ya miaka michache matofali yanaanza kumomonyoka. Tumieni chokaa, au mchanganyiko mlaini usiopita ugumu wa tofali lenyewe.

*Tunzeni vya zamani.* Dirisha la mbao ngumu linalohitaji bawaba mpya ni bora kuliko dirisha jipya la mbao mbichi. Mnapotoa kitu, kiandikeni namba na kukihifadhi mahali pakavu.

*Ogopeni moto.* Familia nyingi zikikaa katika nyumba moja, imbabula huwashwa kila chumba na nyaya za umeme huunganishwa ovyo. Wekeni jiko moja nje au barazani penye hewa, na ndoo za mchanga karibu. Kasubi iliungua usiku mmoja, ikachukua miaka 13 kurudi.

*Msikae chini ya nyumba inayotengenezwa.* Zanzibar, katika Mji Mkongwe ambao ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, ipo Beit al-Ajaib, ikulu iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Ilikuwa imedhoofika kwa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kazi ya ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Jengo lile lilikuwa na jina kubwa, fedha na wataalamu, lakini ukuta uliochoka hauchagui. Kama sehemu ya nyumba yenu ni dhaifu, iwekewe vigogo vya kuishikilia, na watoto wahamishwe kabla ya nyundo ya kwanza.

Je, tutunze nyumba ya mkoloni?

Katika mikutano swali hili huulizwa, na ni swali la haki. Mtu mmoja atasema, "Babu yangu alibeba mawe ya nyumba ile kwa kiboko. Kwa nini niitunze?"

Tusimjibu haraka. Tumsikilize. Kisha tuulize pamoja: mawe yale yalibebwa na nani? Matofali yalichomwa na nani? Kazi ya mikono ya babu iko ndani ya ukuta ule, na pengine hakuna mahali pengine popote alipoachia alama. Kuibomoa nyumba hakuondoi kiboko katika historia. Kuitunza na kusema wazi nani aliijenga, kwa hali gani, kunampa babu heshima aliyonyimwa. Kijana wa kartie anapoandika historia ya nyumba, asiandike jina la mwenye nyumba wa kwanza tu. Awaulize wazee majina ya mafundi na wabebaji. Hayo nayo yawekwe ukutani.

Vilevile aliyehama kutoka Bunyakiri, Shabunda au Kalehe anaweza kusema, "Nyumba yangu ilichomwa, na hakuna aliyeiita urithi." Ni kweli. Nyumba ya udongo na nyasi iliyoungua kijijini ilikuwa na kumbukumbu sawa na nyumba ya baraza ya mviringo. Kasubi yenyewe ni nyumba ya nyasi, matete na magome ya mti, na dunia nzima imeiheshimu. Basi wazee waliohama wakae na vijana wao na kuwaonyesha nyumba za kwao zilivyojengwa: nguzo zilikatwa mti gani, paa lilifungwa kwa kamba gani, moto uliwekwa upande gani. Siku ya kurudi watahitaji ujuzi huo. Hata kabla ya siku hiyo, mtoto anayejua nyumba ya babu yake ilivyosimama hajapoteza kila kitu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kartie au kambi yenu, ipo nyumba ambayo watu wengi wanasema ni yao? Andikeni orodha ya wote wenye haki au shauri juu yake. Nani amesahauliwa?

2. Wanne wafanye mchezo: mmoja awe mjane wa Bujumbura kwenye simu, mmoja baba wa Bunyakiri, mmoja mzee wa chini, mmoja kijana wa kartie. Kila mmoja aseme woga wake. Kisha badilisheni nafasi. Ulijifunza nini uliposema maneno ya mwenzako?

3. Kasubi kila ukoo una kazi yake. Katika nyumba yenu, au katika kanisa, msikiti au shule mnayotaka kuitengeneza, kazi zinaweza kugawanywa vipi ili pande zinazoshukiana zihitajiane?

4. Kama unakaa katika nyumba ya mtu aliyekimbia, ungemwambia nini kwa simu leo? Kama wewe ndiye uliyekimbia, ungetaka kusikia neno gani kutoka kwa aliye ndani?

5. Nani katika jamii yenu ana ujuzi wa kujenga wa zamani? Ni vijana gani wawili wanaoweza kukaa naye kuanzia wiki hii?

Kwa kumaliza

Baba wa Bunyakiri katika mfano wetu alisubiri siku saba. Siku ya nane alipanda juu ya paa. Mzee wa chini alikuwa ameshika ngazi. Simu ilikuwa mkononi mwa kijana, na mjane aliye Bujumbura alikuwa akitazama bati la kwanza likipigiliwa juu ya chumba alichojifungulia watoto wake. Watu hawa bado hawajamaliza mambo yote. Siku mjane atakaporudi, patakuwa na mazungumzo magumu. Lakini watakaa kuzungumza chini ya paa lisilovuja, wakiwa na karatasi waliyoiandika pamoja.